Upande wa Kulia wa Gari la Harusi

Kuna watu wanaoogopa nyoka. Mimi naogopa sifongo iliyoanguka chini. Ikishaanguka, hata ukiiokota haraka, kwangu imekufa. Imebeba mchanga, na chembe moja tu ya mchanga ikiburutwa juu ya rangi nyeusi ya gari inaacha mstari. Mwenye gari hatauona mstari huo, mkewe hatauona, fundi naye hatauona. Nitauona mimi, mpaka siku ya kufa kwangu na labda baada ya hapo.

Hakuna aliyenifundisha haya. Nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, kwa video za watu wa nchi ambako maji hayakatiki, nikiwa nimelala kitandani nyumbani kwetu mtaa wa Kanyosha baada ya kumaliza shule na kukosa kazi. Mazoezi niliyaanza kwenye mlango wa friji ya mama. Niliung'arisha mpaka mama akaanza kuutumia kama kioo cha kujipaka mafuta. Siku iliyofuata akakuta nimeung'oa ili niufikie pembeni vizuri, akanikataza kugusa kitu chochote chenye mlango. Nikahamia kwa majirani.

Nilichojifunza ni kwamba udongo haufutwi. Udongo unaombwa. Unaumwagia maji mengi bila kuugusa, unaupa muda ulainike, unaumwagia tena mpaka uondoke kwa hiari yake. Hapo ndipo unapoleta ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili uchafu ulioutoa mlangoni usirudi mlangoni. Unaanza na paa, unashuka taratibu. Huoshi palipo na jua, kwa sababu sabuni inakauka na kuacha madoa. Magurudumu yanakuja mwisho, kwa kitambaa chake peke yake, kama mgonjwa wa upele. Nikieleza hivi watu hunitazama kwa huruma. Mama aliwahi kuuliza kwa upole kama ningependa kuongea na padri.

Kaka yangu mkubwa alipotaka kuoa, gari la maharusi liliazimwa kwa mzee mmoja mwenye duka la vitambaa Rohero, katikati ya mji. Ukoo wake ulitoka Omani na umekuwa mjini hapa tangu kabla babu yangu hajavaa viatu. Mama amenunua vitenge kwake tangu alipokuwa msichana, na ndiye aliyeomba. Gari lenyewe ni la Kijerumani, jeusi, refu, la zamani. Mzee hulitoa Ijumaa kwenda msikitini na siku za Idi, basi. Nilipotumwa kuchukua ufunguo, niliupokea kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga.

Lakini kwa mzee huyo nilikuwa na jambo langu pia. Nyuma ya duka lake kuna ua uliosakafiwa simenti, wenye paa la bati na kisima. Simenti, kivuli na maji! Kwa mtu anayetaka kufungua sehemu ya kusafisha magari kama inavyotakiwa, hapo ni peponi. Nilikuwa nimemwomba ua huo mara nyingi, naye kila mara alinijibu "inshallah" kwa ile sauti ambayo maana yake ni hapana. Siku ile nilijaribu tena.

"Muzee, na ile ua ya nyuma?"

Alinitazama juu ya miwani. "We kijana huchoki? Haya, sikiliza. Gari hii ikirudi vile imetoka, bila mukwaruzo hata mumoja, Jumatatu unaanza kazi kwenye ua wangu. Ikirudi na mukwaruzo, usiniulize tena mpaka nife. Na mimi, wallahi, sina mupango wa kufa."

Basi, ikawa hivyo. Kaka alikuwa anaoa mke, nami nilikuwa naposa ua.

Ijumaa jioni kaka alilipandisha gari nyumbani mwenyewe, kwa sababu bwana harusi hakatazwi kitu wiki hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Wanaoijua Kanyosha ya juu wanajua barabara zetu zikilowa zinakuwa uji wa mtama. Gari lilikwama mlimani, vijana wa mtaa wakalisukuma, kaka akakanyaga mafuta kwa nguvu zake zote za mapenzi, na magurudumu yakachota barabara yote na kuipaka mlangoni. Lilipofika uani kwetu lilikuwa na rangi ya chungu. Kaka alishuka akicheka. Nilimwonea huruma shemeji yangu mtarajiwa.

"Peti, iko udongo tu," alisema; peti, yaani mdogo, ndivyo anavyoniita. "Utaosha kesho. Si we ndiye dokta ya magari?"

Nilikuwa nimejiandaa. Bomba letu lilikuwa kavu tangu katikati ya wiki, hilo si habari, kwa hiyo mapema nilikuwa nimejaza maji kwenye mabidoni, madumu yetu ya plastiki, nikayapanga nyuma ya choo, nikayafunika mkeka na kuyaandika kwa mkaa, kwa herufi kubwa: GARI.

Jumamosi asubuhi ilianza kwa neema. Wanaume wote, isipokuwa mimi niliyeachiwa gari, walikuwa barabarani na majembe kwenye kazi za jamii za kila Jumamosi, na mpaka zimalizike magari hayaruhusiwi kutembea, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuja kuniharakisha. Ua ulijaa mashangazi waliokuwa wakimenya viazi na kukaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mimi na gari langu tulikuwa pembeni. Upande wa kushoto ulikuwa kivulini, wa kulia juani. Bila shaka nilianza na paa, kisha kapo, kifuniko cha injini, kisha kushoto. Nilimwaga maji, nikasubiri. Udongo ulishuka kama pazia na weusi ukatokea chini yake, weusi wa kujitazamia. Nakiri kwamba nilizungumza nao kidogo.

"We unaosha ao unabembeleza?"

Alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeshuka kutoka milimani kwa ajili ya harusi. Shangazi huyu anaheshimika kwa kitu kimoja: anasugua masufuria. Sufuria iliyopita mikononi mwake huwezi kuamini iliwahi kuona moto. Mkononi alishika silaha yake, jani kavu la mgomba lililokunjwa, na ndani ya jani, mchanga.

"Shangazi, apana!" nilisema, nikaruka mbele ya mlango.

"Apana nini? Mi nilisugua masufuria ya harusi zote za nyumba hii. Toka hapo, nitakutolea hiyo udongo mara moja."

"Rangi itatoka!"

"Basi itatoka safi."

Kwenye nyumba ya harusi msaada haukataliwi. Mtu akija na jembe unampa shamba, akija na kisu unampa viazi. Na kumkatalia shangazi, dada wa baba, kazi aliyoiomba mwenyewe mbele ya wanawake wote wa ukoo, ni kuanzisha kesi itakayoishi kuliko ndoa yenyewe. Nikatafakari haraka. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba kazi ngumu kuliko zote nilikuwa nimemwekea yeye: raba za magurudumu. Raba tu, shangazi, usipande juu ya raba. Alipiga magoti akazivamia. Alipomaliza, raba zile zilikuwa nyeusi na safi kiasi kwamba ungeweza kula viazi juu yake, naye akaenda kuwatangazia wenzake kwamba ameosha gari.

Kwa hiyo nilishinda. Kwa furaha ya ushindi huo nilizunguka nyuma ya choo kuchukua maji ya upande wa kulia. Mkeka ulikuwa umekunjwa vizuri. Mabidoni yalikuwa matupu, yote, yamepangwa kwa adabu.

Nilimkuta mama mdogo, mdogo wake mama, kwenye mafiga.

"Mama mudogo, maji yangu iko wapi?"

"Iko mu wali."

"Niliandika GARI!"

"Niliona," alisema, akikoroga. "Nikajiuliza, gari inakula?"

Nilikimbia kwa majirani: kavu. Nilitazama ndoo zangu mbili: moja ilikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, nyingine ya rangi ya kahawa. Wakati huohuo kazi za jamii zikaisha, magari yakaruhusiwa, na marafiki wa kaka wakaanza kuwasili na suti na honi. Ilikuwa saa ya kwenda Kibenga kumchukua bibi harusi. Gari la maharusi lilikuwa na paa, kapo na upande wa kushoto vinavyong'aa kama kiatu cha afisa. Upande wa kulia ulikuwa bado ni barabara ya Kanyosha.

Kila mtu akawa na rai, na rai zote zilikuwa moja: chovya kitambaa kwenye maji yaliyopo, pangusa, twende. Mpangusaji wa kwanza alikuwa tayari amekunja mikono ya shati. Hapo nikafanya kitu ambacho familia inakisimulia mpaka leo. Nilijibandika mgongo mlangoni, mikono nimeitandaza, na shati langu jeupe la harusi.

"Udongo utatoka kesho!" nilipiga kelele. "Mukwaruzo hautatoka! Hakuna mutu anagusa!"

Ndagala ziliendelea kukaangika. Mjomba wetu, kaka wa mama, karani mstaafu aliyechaguliwa kuwa msemaji wa familia kwa sababu anaipenda sauti yake kuliko chakula, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Huyu naye," alimwuliza mama, "mulimupima?"

Kaka alitazama saa. "Twende hivi hivi," alisema. "Ninaoa bibi, sioi gari."

Rafiki wa kaka aliendesha, nami nikadai kiti cha mbele kama mlinzi, mgongo wangu ukiwa na picha kamili ya mlango. Mpiga picha, ambaye hupanda nyuma ya pikapu mbele ya msafara, alitukagua akaguna. "Haina shida. Mi nitapiga upande wa kushoto tu." Mpango mzuri sana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba nchini kwetu tunaendesha kulia, kwamba ukifika kwa watu unaegesha kulia, na kwamba lango la wakwe lingekuwa kulia.

Kibenga ni mtaa wa kando ya ziwa, wa watu wenye malango ya umeme na mbwa wenye majina ya Kifaransa. Tulisimama, na upande wetu mchafu ukawatazama wakwe uso kwa uso. Walikuwa wamejipanga kwa heshima zao zote, upepo wa ziwa ukipeperusha mavazi yao. Msemaji wao, mtu mnene mwenye suti ya kijivu, hakuharakisha. Alilisoma gari kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, kisha akainua kipaza sauti.

"Karibuni, wageni. Sisi tuliambiwa leo watakuja watu wa kuoa. Hawa naona wametoka kulima. Mumetuletea na majembe?"

Kwao walicheka mpaka wakashikana. Hayo ndiyo mambo ya siku ya kuoa kwetu: wasemaji wawili wanapigana kwa maneno, na upande unaokosa jibu unanywa bia yake kichwa chini. Upande wetu ulinitazama mimi. Nilitamani ziwa lipande mpaka hapo tena, kama lilivyopanda mwaka ule wa mafuriko, linichukue.

Mjomba alikohoa, akakaza tai.

"Wakwe zetu," alisema, "kuja na gari safi si kazi. Kila mutu anakuja na gari safi. Hata gari ya kubeba maiti iko safi." Akaelekeza mkono ng'ambo ya gari. "Angalieni ule upande mwingine. Tumeosha, ili muone maji tunayo na mikono tunayo. Lakini huku, ku mulango wa bibi arusi, tumeacha udongo wa kwetu makusudi. Mutoto wenu asiingie mu nchi ya kigeni. Aguse udongo wetu hapa, angali kwao, na nyinyi mukiwa mashahidi!"

Vigelegele. Baba wa bibi harusi alipiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi, kwa ajili ya uongo huo! Kwa sekunde chache nilimpenda mjomba kwa moyo wangu wote.

Laiti angenyamaza hapo. Lakini makofi kwa mjomba ni kama pombe. Akapiga hatua hadi mlangoni, akanyoosha kidole, na kwa mwandiko wa karani, herufi kubwa zenye mikia, akaandika jina la bibi harusi juu ya udongo.

"Huyu sasa ameandikwa kwetu!"

Nilisikia. Nasema nilisikia, kwa masikio haya: *krrr*. Udongo ulikuwa umekauka juani, na udongo wa Kanyosha ukikauka ni mchanga wenye gundi. Kidole cha mjomba kilikuwa msasa. Chini ya jina lile kulikuwa na rangi ya mzee, na chini ya rangi ya mzee kulikuwa na ua wangu.

Kisha akamkaribisha baba wa bibi harusi naye aandike. Kisha wajomba zao. Foleni ikajipanga yenyewe.

Nilimfikia kaka, nikamnong'oneza kwa meno yaliyofungwa. "Kaka, zuia mujomba. Kila kidole iko na mchanga. Rangi inaisha yote."

Kaka alikuwa akitabasamu kwa wakwe, na hakuacha kutabasamu. "Msemaji wetu hakatizwi mbele ya wakwe. Unajua. Watasema familia haijapatana, waturudishe nyumbani tukapatane kwanza."

"Lakini ile ua yangu..."

"Ukifungua mudomo sasa, peti, jioni nitaoa nani? We?"

Nilijua ni kweli. Kuliko kumkosoa msemaji wako mbele ya wakwe, afadhali uvue nguo. Nilimtazama kaka, jasho likimtiririka chini ya tabasamu. Miaka yote amempenda msichana huyo, wa mtaa wa malango ya umeme, na alikuwa bado hajaamini kwamba watampa. Nikafunga mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani nikasimama nikatazama kitu kinaharibiwa mbele yangu, polepole, na nikapiga makofi.

Waliandika majina. Waliandika "Mungu awabariki". Binamu yangu mmoja, ambaye hajawahi kuiona sherehe bila kutafuta mchumba, aliandika namba yake ya simu. Mwisho alitoka bibi harusi mwenyewe, mzuri kupita kiasi, akacheka alipoona, akachora moyo mkubwa kwa kucha ndefu za kubandika. Huo moyo sikuutazama. Niliangalia mbwa.

Jumapili maji yalirudi bombani, bila aibu. Niliosha upande wa kulia kwa kanuni zote: nikamwaga, nikasubiri, nikamwaga, ndoo mbili, juu kwenda chini. Udongo uliondoka kama mtoto mtiifu. Kivulini mlango ulikuwa mweusi, laini, kamili. Nikalisogeza gari juani, na maandishi yote yakarudi: jina la shemeji, jina la kaka, baraka za Mungu, namba ya simu, moyo. Mistari myembamba ya kijivu, inasomeka bila shida.

"Rudisha jioni," alishauri kaka kwa simu. "Muzee macho yake si mazuri."

Nilikusudia kabisa kufanya hivyo. Lakini kufikia adhuhuri sikuweza tena kuvumilia wazo kwamba kuna mtu atalitazama gari lile na kudhani ni safi. Msiniite mwaminifu, ni ugonjwa tu. Nililipeleka Rohero jua likiwa kali, nikaliegesha mbele ya duka, upande wa kulia ukimtazama mzee, nikamwita atoke.

Alivaa miwani akainama. Alisoma mlango wote, kwa sauti, kama mtu asomaye tangazo la serikali. Akafika kwenye namba.

"Na hii? Ni ya bwana harusi?"

"Apana, muzee. Ni ya kuzeni wangu. Anatafuta bibi."

Mzee akatoa simu mfukoni, akabonyeza namba moja moja akiwa ameinamia mlango, akaweka sauti ya nje. Iliita mara moja tu.

"Allo, chérie," ilisema sauti ya binamu, tamu kama asali iliyoharibika. "Nilijua utanipigia. Si we ulikuwa umevaa ile robe ya kijani?"

"Nilikuwa na nyeusi," alisema mzee. "Mimi ni gari."

Simu ikakatika. Mzee alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi ya duka lake na kuvua kofia. Nami nikaanza kucheka, kwa matumaini. Hapo akaacha.

"Mukwaruzo ni mukwaruzo. Nilikuambia nini?"

"Nisikuulize tena mpaka ufe."

"Sasa usiniulize."

Niliinama, nikageuka kuondoka. Nilikuwa nimeshafika kona ya barabara, nikipiga hesabu ya miaka anayoweza kuishi mzee asiyevuta sigara, alipopaza sauti.

"Unaenda wapi na ufunguo wangu?"

Nilirudi mbio.

"Ijumaa naenda msikitini," alisema. "Niende na namba ya muhuni mu mulango? Ingiza gari ndani ya ua. Utaanza na namba."

"Muzee, kufuta mikwaruzo nimeona mu simu tu. Mi mwenyewe sijawahi kufanya."

"Na mimi sijawahi kuazima mutu gari. Ingiza."

Namba ilitoka kabla ya Ijumaa, pamoja na sehemu ya ngozi ya vidole vyangu. Baraka za Mungu zilichukua muda zaidi. Moyo bado upo. Kucha za shemeji zilizama kuliko vidole vya wajomba wote, na kila nikiukaribia naogopa kulifikia bati. Siku hizi nina wateja wengine, wanaegesha foleni chini ya paa, wananiuliza kwa nini ndoo mbili. Mzee hajawahi kuniambia kwamba ua ni wangu. Alinikataza kuuliza, kwa hiyo siulizi. Kila asubuhi nafungua lango, nachota maji kisimani, na yeye akipita kwenda dukani tunasalimiana kama watu wasio na jambo lolote la kuzungumza.